Ukaguzi wa Kucha Umekagua Nini Miaka Yote Hii?

Aliyesoma shule ya msingi nchini Tanzania anaujua mstari wa Jumatatu. Wimbo wa Taifa umeimbwa, matangazo yametolewa, kisha mwalimu wa zamu anaanza kupita na fimbo yake: "Toeni kucha!" Mikono inanyooshwa mbele, viganja chini. Mwenye kucha fupi anapona. Mwenye kucha ndefu anatolewa mbele, na wapo walimu wanaomaliza shauri papo hapo kwa kumchapa kwenye ncha za vidole, mahali ambapo mishipa ya fahamu imejazana kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamtaka mwalimu mkuu aidhinishe na viboko visizidi vinne. Sijui ni mtoto gani aliyewahi kuomba aonyeshwe kibali hicho.

Lakini usimtazame anayechapwa. Tazama safu za nyuma. Mwalimu akiwa bado darasa la pili, vidole vya darasa la tano vimeshaingia mdomoni. Wanang'ata harakaharaka, wanatema pembeni, wanajipangusa kwenye kaptula na sketi, na zamu yao ikifika kucha ni fupi. Wamefaulu. Nyumbani kikata kucha hakuna. Wembe upo mmoja, ni wa baba, na hauguswi. Meno hayana mwenyewe mwingine.

Ndiyo maana huwa nashangaa tunapokaa vikao vya wazazi kulalamika kwamba watoto wanakula kucha. Nani aliwafundisha? Kwa baadhi yao tabia ilianzia mstarini, mbele ya macho yetu, kwa amri ya shule.

Nachukua mfano wa Ilemba kwa sababu ni mahali ambapo jambo hili lina uzito kuliko mitaa ya wenye nacho kama Masaki au Njiro. Ukitoka Sumbawanga mjini, kwenye baridi ya uwanda wa juu unaozidi meta 1,700, unauteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye meta kama 800 tu, na jasho linakutoka kabla gari halijasimama. Huku chini watu wanalima mpunga, mahindi na ufuta, wanafuga ng'ombe, wanavua. Udongo unashikwa kwa mikono tangu alfajiri. Mtoto anayetoka kumsaidia mama shambani anakwenda shule na bonde zima chini ya kucha zake. Kumwambia ang'ate ndio afaulu ukaguzi ni kumwambia ale alichokuwa anakilima.

Na alichokuwa anakilima kina wakazi. Mayai ya minyoo wakubwa wa duara yana utando unaonata, yanaishi udongoni miezi mingi, hata miaka, na yanapenda sana kujibanza chini ya ukucha. Wapo pia wale minyoo wadogo weupe wanaowasha njia ya haja kubwa usiku: mtoto anajikuna usingizini, mayai yanabaki kuchani, asubuhi anang'ata, na mzunguko unaanza upya ndani ya tumbo lilelile. Serikali inagawa dawa za minyoo na kichocho mashuleni, na hilo ni jambo jema kabisa. Ila kidonge kinaua minyoo waliomo leo. Hakimzuii mtoto kumeza wengine wiki ijayo akiwa mstarini. Katika bonde ambalo limewahi kupigwa na kipindupindu, kidole mdomoni si suala la adabu.

Hapa niwe mkweli, maana wenzangu wa upande wa "usafi, usafi" huwa hawapendi kulitaja hili. Huko New Zealand, mjini Dunedin, watafiti walifuatilia watoto wapatao elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipofika miaka 13 walipimwa ngozi kuona kama wana mzio wa vumbi, manyoya, majani na vitu vya namna hiyo. Kati ya wale ambao hawakuwahi kunyonya kidole wala kung'ata kucha, asilimia 49 walikutwa na mzio. Waliokuwa na tabia moja kati ya hizo walikuwa asilimia 40. Waliokuwa nazo zote mbili, asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na inaelekea uchafu kidogo utotoni huuzoesha mwili kutofautisha adui na mpita njia. Watafiti wenyewe hawakushauri mtoto yeyote aanze kung'ata kucha. Mimi nasema uchafu wa Dunedin na uchafu wa bondeni si uchafu mmoja. Mtoto wetu hana upungufu wa vijidudu vya kumzoesha.

Wanaong'ata si watoto tu. Nimewaona mahakamani, kwenye foleni za benki, na kwenye vibanda vya mpira dakika ya 88. Tabia hii aghalabu huanza utotoni, hupanda wakati wa kubalehe, na wengi huiacha wakiwa watu wazima, ila si wote. Hofu inachangia, uchovu wa kukaa bure unachangia, hata kufikiri kwa bidii kunachangia. Dawa yetu ya jadi ni uchungu: pilipili, shubiri, maji ya mwarobaini yanayopakwa vidoleni. Kwa baadhi yao inafaa kwa siku chache, mpaka watakapojifunza kuuramba na uchungu wenyewe. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walionyesha njia nyingine ambayo hadi leo ndiyo inayotegemewa zaidi: mtu afundishwe kutambua dakika mkono unapoanza safari ya kwenda mdomoni, kisha aupe kazi nyingine, kama kukunja ngumi au kushika kitu, hadi hamu ipite. Haihitaji fedha. Inahitaji mtu mzima mwenye subira wa kukaa na mtoto, na bidhaa hiyo imeadimika kuliko pilipili.

Ukiachwa, mchezo huu hufika mahali pabaya. Ngozi ya pembeni inachanika, usaha unaingia, kidole kinavimba na kupwita usiku kucha. Hapo ndipo tunaposema kidole kimeingiwa na mdudu. Mmoja atakwambia ukivishe limau lililotobolewa, mwingine ukichovye kwenye maji ya moto kadiri utakavyovumilia. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi mwanzoni yanasaidia kweli. Usaha ukishajikusanya, kidole kinataka kupasuliwa na mtu mwenye kisu safi, si na jirani mwenye pini. Akina mama wanaoshinda majini, wakifua, wakiosha vyombo au wakipandikiza mpunga, wanapata aina yake ya polepole: kingo za kucha zimevimba miezi kadhaa, hazitoi usaha mwingi, ukucha unaanza kupindapinda na kubadilika rangi. Mara nyingi fangasi wamo, na dawa ya kwanza ni kukausha mikono, ushauri ambao ni rahisi kuutoa kuliko kuufuata.

Basi turudi kwa mwalimu wa zamu. Kila wiki, katika maelfu ya shule, mtu mzima mwenye elimu anapita mbele ya mikono ya watoto wote, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, akiitazama. Sioni huduma nyingine ya umma inayomkaribia kila mtoto kiasi hicho bila nauli, bila foleni, bila kadi. Na tumempa kazi ya kuangalia vitu viwili tu, urefu na uchafu. Hiyo ndiyo hasara ninayoilalamikia. Mikono ileile ingeweza kutuambia mambo ambayo zahanati ya kijiji ingelazimika kuyatafuta kwa vifaa isivyokuwa navyo.

Anza na damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa vilevile. Mtoto anayefika shule na hali hiyo haanguki. Anasinzia darasani, anaitwa mvivu, anachapwa kwa uvivu. Mkono wake, hata hivyo, unasema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa unamtaka mhudumu akitazame kiganja cha mtoto: kama kimepauka, shuku upungufu wa damu. Kiganja ni shahidi mzuri kuliko ukucha. Lakini upungufu wa madini ya chuma ukikaa muda mrefu, ukucha nao unatoa ushahidi wake. Unakuwa mwembamba, unabonyea katikati, kingo zinainuka, hadi tone la maji linaweza kutulia juu yake lisimwagike. (Kwa mtoto mchanga, kucha za miguu zinaweza kuwa hivyo bila ugonjwa wowote. Mama asikimbie.)

Chanzo kimoja cha upungufu huo ni safura, jina ambalo wazee wa mikoa yetu wanalijua vizuri kuliko vijana. Minyoo wake hawahitaji hata kumezwa. Wanapenya kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu, wanasafiri hadi utumbo mwembamba, wanang'ang'ania hapo na kunywa damu. Ongeza malaria ya bondeni, ongeza hedhi na mimba zinazofuatana, ongeza ugali usio na mboga ya maana, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula, ambayo huzuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha.

Na hii ni Rukwa. Ufipa, sehemu ya mkoa huu, ni nchi ya wafua chuma. Hadi ndani ya karne ya 20 Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizofikia meta tatu na zaidi, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri ndogo, vintengwe, kabla ya kufua majembe na shoka. Profesa Bertram Mapunda na wanaakiolojia wengine wameandika mengi juu ya ufundi huo, na mabaki ya malungu bado yamesimama. Ni mkoa huohuo, mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, ambao mwaka 2015/16 ulikuwa na asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, na mwaka 2022 ukabaki karibu na kilele kwa kama asilimia 50. Chuma kilikuwa ardhini na chakula kimo ghalani. Tatizo limo katikati ya ghala na mdomo wa mtoto, na huko ndiko macho ya mwalimu yangefika mapema kuliko takwimu za miaka mitano mitano.

Jambo la pili ambalo jicho linaweza kulishika ni umbo la ncha za vidole. Tangu zama za Hippocrates, miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, waganga walijua kwamba ugonjwa mrefu wa kifua unaweza kuvimbisha ncha za vidole na kukunja kucha kuelekea chini, bila maumivu yoyote. Mwaka 1976 Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa hospitali ya Baragwanath huko Soweto, aliugua maambukizi ya ndani ya moyo na akaviona vidole vyake mwenyewe vikibadilika. Akagundua kipimo ambacho leo kinabeba jina lake. Kutanisha kucha za vidole viwili vinavyofanana vya mikono yako, mgongo kwa mgongo, na utazame mwanga kati yake. Kwa mtu mzima wa afya, kwenye mashina ya kucha kunaonekana kijidirisha cha pembe nne. Kikiwa kimezibika, kifua, moyo au ini vinahitaji kuchunguzwa. Nimependa sana kwamba kipimo kinachofundishwa vyuo vya udaktari duniani kote kimetoka kwa mgonjwa Mwafrika Kusini aliyekuwa anajitazama vidole kitandani. Si kila kidole cha namna hiyo ni ugonjwa, zipo koo zinazorithishana. Ila mtu anayekohoa wiki ya tatu, amekonda, na kijidirisha hakipo, asisubiri mavuno yaishe ndipo aende kupimwa kifua kikuu.

La tatu linatuhusu sisi weusi zaidi ya vitabu vinavyotoka Ulaya, na ndilo linalonisumbua kuliko yote. Wengi wetu tuna mistari ya kahawia au myeusi inayotoka shina la ukucha hadi ncha. Inaongezeka na umri, inatokea vidole kadhaa, na ni rangi yetu tu. Basi. Kwa kuwa ni kawaida, tumezoea kutoitazama kabisa. Bob Marley alikuwa na doa jeusi chini ya ukucha wa dole gumba la mguu, na likadhaniwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 madaktari walikuta ni saratani ya ngozi. Alikataa kukatwa kidole, akaendelea kuimba, akafika Zimbabwe kwenye uhuru wa Aprili 1980, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36. Saratani hiyo kwa weusi ni nadra, lakini ikitupata hupenda viganja, nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo hatutafuti. Mstari wa kuogopa ni ule ulio peke yake, hasa kwenye dole gumba la mkono au la mguu, unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Huo usiupake rangi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, na wakikuelekeza mbali zaidi, nenda. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba kutoka Ilemba hadi Moshi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na fundi wa ngozi haitwi kwa simu kama fundi wa pikipiki.

Kuna weusi mwingine wa kucha uliowahi kuvunja watu mioyo bila sababu. Dawa ya zidovudini, iliyotumiwa sana kwa wanaoishi na VVU kabla nchi haijahamia dawa mpya kuanzia 2019, huweza kuzitia kucha rangi ya bluu iliyoiva au mistari myeusi. Rangi hiyo haina madhara kwa kucha. Madhara yake yalikuwa kwa majirani, waliojifunza kusoma kucha za wenzao kwa nia mbaya. Nikisema tutazame mikono, sisemi tuitangaze.

Hapo msomaji atakumbuka kwamba mikoa yetu ina historia yake na kucha. Wapo wengi, si Ufipa peke yake, wanaofukia vipande vya kucha au kuvitupa chooni ili mbaya wao asiviokote. Mtu wa Sumbawanga amechoka kutaniwa kwa mambo haya ya uchawi na sitamwongezea. Ninachotamani ni kwamba uangalifu ule tunaoupa ukucha uliokwisha kukatwa tungeupa pia ukiwa bado kidoleni.

Wanaopaka rangi na kubandika kucha bandia niwaambie moja tu: ukienda kujifungua au kufanyiwa upasuaji, toa angalau za vidole viwili. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa kwenye damu kinasoma kupitia ukucha, na daktari wa usingizi naye anataka kuona rangi yake halisi.

Miguu haikaguliwi kabisa mstarini, na hilo ni kosa kubwa. Funza hakuwa mdudu wetu. Alivuka bahari na meli iitwayo Thomas Mitchell iliyotoka Brazili na kutia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872, akafuata njia za misafara katikati ya bara, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshafika Zanzibar. Leo anaishi kwenye vumbi la nyumba za sakafu ya udongo, na mahali anapopapenda ni kando ya ukucha wa mguu. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa visigino, hucheka akichekwa, kisha huacha shule, na kucha zake hupinda au kung'oka. Tunazunguka na pini moja familia nzima, tukigawana na pepopunda na homa ya ini pamoja na funza wenyewe. Viatu na sakafu ngumu ndivyo vinavyommaliza.

Najua jibu la walimu, na wana haki ya kulitoa: sisi si madaktari, darasa lina watoto kuliko madawati, na sasa unatuongezea uganga. Siombi mwalimu ataje ugonjwa. Nusu ya yanayosemwa mitandaoni kuhusu kucha ni upuuzi mtupu. Vidoa vyeupe ni alama za kugongagonga, si ukosefu wa kalsiamu. Mistari ya wima inayoota uzeeni ni uzee. Mwalimu anayejifanya daktari atawatisha wazazi bure. Ninachoomba ni kidogo: aweke fimbo chini, ageuze viganja juu baada ya kuona kucha, atazame na miguu, na akiona mkono uliopauka, kidole kilichovimba, au ukucha usiofanana na wenzake, aandike jina kwenye daftari na kumtuma mtoto nyumbani na karatasi ya maneno mawili, "mpelekeni zahanati." Mhudumu wa zahanati afike shuleni mara moja kwa muhula kumfundisha jicho. Kikata kucha kimoja kwa kila darasa, kinachofutwa kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto, na ndoo ya maji yenye koki na sabuni kando ya mstari, ni gharama ambayo kamati ya shule inaweza kuimudu bila kumsubiri mfadhili. Atakayekutwa na kucha ndefu akatwe hapohapo, arudi darasani.

Na kazi hiyo inapimika, kwa sababu ukucha wa mkono hukua kama milimeta tatu kwa mwezi na hujibadilisha wote kwa karibu miezi sita. Mtoto aliyeandikwa Januari kwa kucha zilizobonyea, akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, atarudi kufungua muhula wa pili mwezi Julai akiwa na kucha ambazo zote zimeota baada ya matibabu. Mwalimu wa zamu atafungua daftari na kulinganisha. Kama bado zimebonyea, zahanati ina swali jipya la kujibu.